Kichupa cha Sungura Katika Ukwaju wa Hitima

Nasema mapema ili mcheke mara moja tuyamalize: mimi ndiye niliyefanya sharubati ya hitima nzima imwagwe mchangani mbele ya watu wazima, nyumbani kwa shangazi yangu Kikambala. Yale mnayoyasikia huko Malindi (kwamba nilikuwa nimelewa, kwamba nilikuja na sungura mzima ndani ya boksi) si kweli. Ukweli wenyewe ni mbaya zaidi, kwa sababu sikulewa na akili zangu nilikuwa nazo zote.

Mimi ni fundi wa maabara ya utafiti hapo Kilifi, kazi yangu ni kuosha, kupima, kumimina, kungoja, na kuitwa kila kitu kinapokwenda kombo. Bosi wangu ni Daktari Mumbua, mtu wa bara, si daktari wa kudunga watu sindano bali wa utafiti, na tangu masika alikuwa akingojea kichupa kimoja kutoka ng'ambo chenye matone machache ya kingamwili. Kwa Kiswahili cha nyumbani ni hivi: kila seli mwilini hutengeneza protini mchana kutwa, na kuna kitu ndani yake kinachoianzisha kazi hiyo. Seli ikipatwa na dhiki, kitu kile hubandikwa fosfeti kama alama, na kazi ikapungua hapo hapo. Kingamwili ile huwaacha wote wasiobandikwa, humnasa mwenye alama tu, na hivyo ndivyo Mumbua angejua ni seli zipi zimelemewa. (Siku nilipoelezwa nilizionea gere hizo seli. Mimi nikilemewa hakuna anayenibandika chochote, naambiwa tu nioshe na zile chupa nyingine.)

Basi mzigo ukafika Mombasa, nikatumwa na Kazungu, dereva wetu, tukautoe uwanja wa ndege. Tulipelekwa dirisha hili tukarudishwa lile, mara mwenye mhuri katoka, mara mhuri upo lakini wino hakuna, na nilipokabidhiwa lile boksi jeupe na kulifungua, barafu yake ya safari ilikuwa imekwisha yote, kichupa kimekaa peke yake katika kifuko chake cha plastiki kama mgeni aliyesahauliwa stendi. Nikanunua barafu haraka dukani, nikaiponda, nikakizika kichupa humo. Tukashika njia.

Sasa, siku hiyo hiyo ilikuwa arubaini ya mume wa shangazi Mwanaisha. Nanyi mnajua, huwezi kupita Kikambala na gari, siku ya hitima ya mtu wa kwenu, ukaenda zako. Utasemwa mpaka na wajukuu. Tena shangazi alikuwa na jambo lake. Tangu msiba, wifi yake, Bi Rukia, alikuwa akipita majumbani akisema kwamba ndugu yake hakuuguzwa vizuri, kwamba aliachwa kiu na njaa. Shangazi hakumjibu hata neno. Aliniambia kwa simu kwamba hitima ndiyo jibu lake, watu waje wale, wanywe, waondoke wakimwombea marehemu, na mdomo wa Bi Rukia ufungwe kwa pilau. Nikamwambia Kazungu tupite kidogo tu, nisome, nile tonge mbili, tuondoke. Kazungu akasema gari ni la kazi na kazi ni yangu.

Tulipofika nikakumbuka kwamba nimekuja mikono mitupu. Kwetu haiwi hivyo, mtu huja hata na kilo ya sukari. Kisomo kilikuwa kimeshaanza, gari liko juani linaungua, nikaona nisiliache boksi humo. Nikalibeba, nikaliweka kivulini kando ya mlango wa uani, karibu na jiko la akina mama, nikaikung'uta kanzu yangu vumbi, nikaenda kuketi na wanaume chini ya turubai. Sikumwambia mtu lolote. Hilo ndilo kosa langu lote, mengine yalijileta yenyewe.

Katikati ya kisomo nikamwona shangazi amesimama mlangoni, ananitazama na machozi yanamlengalenga, akanyanyua mikono miwili akaniombea dua kwa ishara. Nikafikiri ananishukuru kwa kuja. Nikainamisha kichwa kwa adabu kama mtu mwema. (Nikikumbuka kile kichwa changu nilivyokiinamisha, hata sasa nauma meno.)

Maalim akamaliza, majagi ya ukwaju yakaanza kupita kabla ya pilau, maana jua lilikuwa kali na stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Nikamiminiwa bilauri, nikanywa. Baridi, tamu, imeingia mpaka kwenye magoti. Jirani yangu akasifu, akasema shangazi yako kajitahidi, stima hakuna na vinywaji vya baridi vipo, na mimi nikaitikia kwamba ndiyo, shangazi ni mtu wa mipango. Nikanywa tena. Kipande cha barafu kikagonga jino. Hapo ndipo nikajiuliza hiyo barafu imetoka wapi.

Niliondoka pale bila kuomba radhi, nikaruka miguu ya watu, nikaingia uani kwa akina mama bila hodi wala kikohozi, mwanamume mzima, wengine wamejitanda leso mabegani wanapakua pilau. Boksi langu lilikuwa limefunuliwa, tupu kabisa. Ndoo za sharubati zimejaa barafu. Nikapandisha mkono wa kanzu nikatumbukiza mkono ndoo ya kwanza mpaka kwapani, nikakoroga, hakuna. Nikahamia ya pili, huku wanawake wakiniuliza nina nini, na ukwaju ni mweusi, huoni kitu. Nikakipata chini kabisa. Kifuko kimefungwa vile vile, hata tone halikuingia. Nikakibusu. Mbele yao wote nikakibusu.

Bi Rukia ndiye aliyeuliza. "Hiyo ni nini, Athmani?"

Ningesema dawa, yangeisha. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka husema kweli kwa sababu uongo unahitaji nguvu. Nikasema ni kitu cha maabara, cha kupimia. Akauliza kimetengenezwa kwa nini. Nikasema kinatokana na damu ya sungura.

Wapakuaji wakasimamisha miiko yao. Kijiko kimoja kiliendelea kukwangua sufuria, nacho kikaacha. Halafu Bi Rukia akasema, bila kupaza sauti, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa: "Damu. Katika sharubati ya hitima ya ndugu yangu."

Habari ilifika kwa wanaume kabla yangu. Nikaitwa mbele ya Maalim, nikaketi na kanzu yangu inayodondosha ukwaju, akaniuliza kwa upole nieleze, nikaeleza yote: sungura hachinjwi, hutolewa damu kidogo, husafishwa, inabaki kingamwili peke yake, nayo inatafuta kile kitu cha seli kilichobandikwa alama. Nilieleza vizuri, sijapata kueleza vile hata siku ya usaili wa kazi. Kumbe kipaza sauti kilikuwa mkekani katikati yetu na hakuna aliyekizima. Stima hakuna, lakini jenereta iliyoazimwa msikitini ilikuwa inanguruma, na Kikambala yote mpaka barabarani walisikia sungura anavyotolewa damu. Kazungu aliniambia baadaye kwamba huko garini alifikiri ni mawaidha.

Maalim akauliza kama kifuko kilifunguka. Nikasema hapana. Akasema basi sharubati ni safi, haina najisi, akaomba bilauri akanywa mbele ya watu, Mungu ampe umri. Lakini shaka ikishaingia kinywani haitoki kwa fatwa. Mzee mmoja alikuwa tayari kwenye mfereji anasukutua. Majagi yakarudi uani yamejaa kama yalivyokuja. Pilau nayo, iliyopakuliwa kando ya zile ndoo, ikaguswaguswa tu, watu wakakumbuka shughuli zao, mmoja ana mgonjwa, mmoja ana fundi wa paa.

Shangazi akafunga leso kiunoni. Alishika ndoo ya kwanza akaimwaga, akarudi akashika ya pili. Nikaenda kumsaidia, akauondoa mkono wangu taratibu. Bi Rukia alisimama kibarazani akitazama.

Sikubaki hata kula. Kichupa sasa hakikuwa na barafu, ilibidi tuingie hoteli moja ya ufukweni, mimi na kanzu yangu yenye madoa, nikamwomba bawabu anisaidie barafu, akaniuliza harusi imevunjikia wapi. Tukafika Kilifi kichupa kikiwa baridi. Mumbua alikipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, na wiki ile ile alikijaribu, mistari inayoonyesha seli zilizobandikwa alama ikatokea wazi kabisa, akacheka peke yake humo maabara, akasema nimemwokolea mwaka mzima wa kazi. Nikasema asante. Nikaenda kuosha chupa.

Ijumaa nikarudi Kikambala na sukari, mchele, na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nilimkuta shangazi anachagua mchicha. Shikamoo, akaitika. Nikaanza kumweleza upya kuhusu kifuko, kwamba hakikufunguka, kwamba hata Maalim alisema.

"Najua hakikufunguka," akasema. "Mimi niliimwaga sharubati kwa sababu ya watu, si kwa sababu ya damu."

Nikamwambia basi anisamehe kwa lile la Rukia. Akaendelea na mchicha wake.

"Rukia atasema mpaka afe, nimemzoea. Lakini mimi siku ile nilipoiona barafu, nilisema Athmani amenikumbuka. Katika ukoo mzima, yeye peke yake amewaza kwamba stima imepotea na shangazi yake ana wageni. Nililia pale mlangoni, mwanangu. Kumbe ulikuwa unapita."

Nimeapa sibebi tena kitu cha maabara kwenye shughuli ya watu, lakini kiapo hicho ni rahisi, hata mjinga hukila. Kilicho kigumu ni kwamba hitima ya mwaka ya yule marehemu mume wake inakaribia, nimeomba ruhusa kazini siku nzima, nimeshaagiza barafu, na nilipompigia shangazi kumwambia, aliniuliza kwanza hiyo barafu ni ya nani.