Siku moja Cartagena: nilikula wali wa mzee wa watu, kisha nikatoa siri yake ili niwahi meli

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio makazini na mliojifungia chooni na simu.

Uzi huu nimeuandika mara tatu na mara tatu nikaufuta. Leo naupandisha kama ulivyo. Chumvi sitatia, maana chumvi ingenifanya nionekane mtu mwema kuliko nilivyokuwa siku ile.

Mie ni mtoto wa Temeke, Chang'ombe. Baba alitangulia, mwaka haujaisha mama akamfuata. Nilikuwa kidato cha pili, nikaacha shule. Nyuma yangu wapo watatu: Zuhura, Hamisi, na Mwanaidi ambaye wakati huo alikuwa bado anaogeshwa.

Arobaini ya mama ilipopita, kikao kikakaa. Baba mdogo alikuja na mpango wake kamili. Zuhura aende Tanga kwa shangazi, Hamisi akae naye Vingunguti, Mwanaidi apelekwe Kilwa kwa bibi.

Nikanyoosha mkono kama niko darasani.

"Shikamoo baba mdogo. Naomba kusema."

"Marahaba. Sema."

"Wadogo zangu hawagawanywi. Nitawalisha mie."

Wajomba wakacheka. Yeye hakucheka. "Utawalisha nini, mwanangu? Maneno?"

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akanipa sharti mbele ya wote: "Tafuta kazi, nakuachia wakae pamoja. Lakini siku nikisikia umefukuzwa, sitaitisha kikao kingine. Nitakuja na mabegi."

Nyie mliozaliwa juzi, jueni kwamba miaka ile ya mwanzoni mwa tisini viwanda vya Chang'ombe vilikuwa vinapunguza watu kila mwezi. Madukani bidhaa za nje zimejaa, getini kwa viwanda wanaume wamekaa na bahasha za vyeti. Nilizunguka mpaka soli zikaisha.

Jirani mmoja aliyekuwa baharia ndiye aliyenishika mkono. Nikapata meli ya mizigo ya Wagiriki, kazi ya kukwangua kutu na kupaka rangi. Zuhura, miaka kumi na sita, akabaki kuwaangalia wadogo, na mke wa yule jirani akabaki kumwangalia Zuhura.

Sasa, baharia ana kitabu chake. Kila safari kinagongwa muhuri, na nahodha anaandika tabia yako. Ukiandikwa vibaya, hakuna meli itakayokugusa tena.

Na nahodha wetu hakuwa na masihara. Tukiwa Santos, Brazil, kijana mmoja wa Unguja alichelewa kurudi. Meli ikang'oa nanga. Tulimwona gatini anapunga shati, nahodha anakunywa kahawa yake. Hilo lilinikaa kichwani.

Tulifika Cartagena, Kolombia, Jumapili asubuhi. Tangazo likatolewa: anayetaka kushuka ashuke, ila saa kumi na moja jioni ngazi inapandishwa.

Nilishuka na mpishi wetu, Ramiro, Mhondurasi. Kihispania ndiyo lugha yake, mie naye tulielewana kwa Kiingereza cha melini. Yeye mji ule alishaupita mara nyingi. Akaniambia, "Leo utakula, utaona, utasikia. Mguu wako ukae karibu na wangu."

Wakuu, ule mji ni mzuri jamani. Umezungushiwa ukuta mnene wa mawe, juu yake watu wanatembea kama barabarani. Nyumba za rangi ya manjano, buluu, waridi, na roshani za mbao zenye maua yanayoning'inia. Nilikuwa nimeshika kidevu muda wote.

Halafu wakapita akina mama weusi ti, magauni ya rangi kali, beseni la matunda kichwani bila kulishika. Ndani mna maembe, mapapai, ndizi. Kama siyo Kihispania chao, ningewaamkia shikamoo. Mmoja akanikatia embe, akanitazama, akamuuliza Ramiro kitu.

"Anauliza wewe ni wa kwao kijiji gani," Ramiro akasema.

Tukala arepa, andazi bapa la unga wa mahindi. Wanalikaanga, wanalipasua ubavu, wanalitumbukizia yai bichi, kisha wanalirudisha kwenye mafuta yai liivie humo humo. Nilikula matatu nimesimama.

Hadi hapo siku ilikuwa tamu. Ningerudi melini saa ile, nisingekuwa na uzi wa kuwaandikia.

Ramiro akasema twende akanionyeshe sanaa ambayo watalii hawaioni. Tukapanda gari, tukatoka nje ya mji. Mtaa wenyewe ni barabara ya vumbi, mabati, madimbwi. Ungeniambia ni Tandika ningekubali.

Tukaingia uani kwa mzee anaitwa Eusebio. Ukutani pameegeshwa kabati la spika refu kuliko mlango. Wao wanaliita picó. Uso mzima umechorwa kwa mkono, rangi zinazowaka: mamba amefumbua kinywa, na spika kubwa ndiyo koo lake, meno yamelizunguka. Mchoraji alichukua miezi, Ramiro akanieleza. Kila mwenye picó ana mnyama wake au shujaa wake, na Jumapili wanashindana nani ana muziki ambao mwenzake hana.

Mzee aliposikia natoka Afrika alinikumbatia. Akanivutia kiti. Mkewe akaleta chakula, na si cha kununua, ni kilichotoka jikoni kwake: samaki mzima wa kukaanga, ndizi mbichi zilizopondwa bapa, na wali wa nazi.

Wali wa nazi, wakuu! Ila wao tui wanalikaanga mpaka linakuwa rangi ya kashata ndipo wanatia mchele, na sukari juu. Mama angewafukuza jikoni. Lakini nilikula nikarudia, maana nilikuwa nimekaa miezi saba na viazi vya melini.

Baada ya kula, mzee akatoa santuri kutoka kwenye mfuko wa kitambaa. Katikati, pale panapoandikwa jina la wimbo na bendi, pamekwanguliwa kwa kisu hadi pamekuwa peupe.

Ndiyo desturi yao. Santuri za Afrika zinaletwa na mabaharia. Ukiipata nzuri unafuta jina, ili mshindani asijue pa kuitafuta. Mzee alikuwa ametawala mtaa kwa wimbo ule mmoja kwa miaka sita. Aliwaambia watu ni wimbo wa vita wa mashujaa.

Akaweka sindano. Gitaa likaanza.

Nikaganda. Ni wimbo wa kwetu! Dansi la Dar, baba alikuwaga akiupiga mluzi akinyoa ndevu. Nikasimama nikaimba wote, mstari kwa mstari, kibwagizo na vionjo vyake. Mke wa mzee akashika mdomo.

Hapo ndipo nilipokosea. Ramiro akauliza unasema nini, nami kwa furaha nikacheka nikamweleza: mume anamlalamikia mkewe kwamba kampa ugali bila mboga. Na bendi ni fulani. Jina la wimbo na la bendi nilimnong'oneza. Habari ya ugali, Ramiro akaitafsiri kwa sauti.

Uani wakaangua kicheko. Mzee hakucheka.

Mlangoni alikuwa amesimama jamaa wa kofia nyekundu. Yeye ndiye mwenye picó ya mtaa wa pili, na amekuja kwa ajili ya shindano la jioni. Alinitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Mzee akamwona. Akasema neno, wanaume wawili wakamtoa jamaa nje, wakafunga geti na kuliegemea.

Ramiro akanitafsiria, na uso wake umebadilika: "Anasema wewe ni mgeni wake, utakaa hapa mpaka shindano liishe. Saa moja usiku. Ukitoka sasa, yule wa kofia atakununua."

"Mwambie meli inaondoka saa kumi na moja."

Akamwambia. Mzee akatikisa kichwa, akanipigapiga bega. Hakuna meli inayoondoka Jumapili, alisema. Akaagiza niongezwe soda.

Ilikuwa saa tisa na nusu.

Nikamweleza habari za wadogo zangu. Nilitaja majina yao mmoja mmoja, Ramiro akitafsiri. Nikaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba sitamtajia mtu jina la bendi. Mzee alisikiliza vizuri sana, kwa adabu. Akajibu kwamba kila baharia anayepita pale ana wadogo.

Saa kumi. Soda imepata moto mkononi. Nilikuwa naiona Chang'ombe, naliona begi la Mwanaidi limekaa kizingitini.

Saa kumi na dakika thelathini na tano nikaomba kwenda msalani, uani nyuma. Ramiro akanifuata. Kule ukuta ni mfupi, unafika kifuani. Ng'ambo yake yuko jamaa wa kofia nyekundu, amekaa juu ya pikipiki.

Akasema maneno machache. Ramiro akanitafsiria.

"Anasema atatufikisha bandarini kwa dakika ishirini. Anataka jina la bendi na la wimbo. Wewe utamwandikia kwenye karatasi huku, mie naandika kule. Yakifanana, tunaondoka."

Najua mtaniuliza kwanini tusimdanganye. Jibu ndilo hilo. Ramiro jina alikuwa nalo, na hatukuwa na nafasi ya kupanga uongo mmoja.

Ramiro akaniuliza, "Niandike?"

Ukuta ningeweza kuuruka peke yangu, ndiyo. Lakini mji siujui, lugha siijui, na muda wa kukosea njia sina.

Nikachukua kalamu. Nikaandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea. Jamaa akalinganisha karatasi mbili, akazikunja, akawasha pikipiki.

Nikiwa mguu mmoja juu ya ukuta nikageuka. Mzee Eusebio alikuwa amesimama kwenye kona ya msalani, santuri mkononi. Hakupiga kelele. Hakuwaita watu wake. Alisema kitu kimoja tu, taratibu, akarudi ndani.

Tulipanda watatu. Njiani jamaa alikata vichochoro, akapita katikati ya soko, nikafumba macho. Tulifika gatini ngazi imeanza kuinuka. Ramiro akaidandia, akanivuta kwa ukosi wa shati. Nahodha akatazama saa yake, akatutazama, akaendelea na kahawa.

Mji ulipokuwa mdogo nyuma yetu, nikamuuliza Ramiro, "Mzee alisema nini?"

Hakutaka kuniambia. Nikang'ang'ana.

"Alisema: Amekula kwangu."

Wakuu, kwa sie watu wa pwani mnajua uzito wa neno hilo. Afadhali angenitukana.

Nilimaliza mkataba, kitabu kisafi. Nikarudi, baba mdogo akaja Chang'ombe kunipokea, mikono mitupu. Wadogo zangu watatu walikulia chini ya paa moja mpaka kila mmoja akaoa au akaolewa. Zuhura sasa ni bibi.

Miaka miwili baadaye Ramiro aliniandikia barua. Alikuwa amepita tena kule. Yule wa kofia alipata nakala yake ya santuri ile. Wimbo ukawa unapigwa mtaa mzima, hata kwenye vibanda vya soda, na Mzee Eusebio hakuugusa tena.

Mwanaidi huniuliza mara kwa mara, "Kaka, hebu tuambie ule mji wa ndizi bapa." Namwambia habari za arepa, za akina mama wa matunda, za mamba mwenye koo la spika. Anacheka. Nikifika kwenye wali nanyamaza, naye hudhani nimechoka.

Nilichojifunza ni kwamba mlezi wa watoto wa watu, hata wakiwa damu yake, hawalei kwa jasho lake peke yake. Ipo siku analipa kwa kitu cha mtu mwingine, na mwenyewe wala hajaulizwa. Ningerudishwa kwenye ukuta ule leo, ningeandika tena jina lile lile. Na bado nisingejisifu.

Uwanja ni wenu. Wa kunilaumu muanze nyie, nimekaa mkao wa kusikiliza.