Farasi Aliyekimbia Papo Hapo

Mzee wa kibanda cha gemu pale Nyakunguru alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kuibadilisha: gemu ni dunia. Dunia ikiwa kubwa, picha zikiwa kali na stori ikiwa ndefu, hiyo ndiyo gemu. Nyingine zote ni za watoto. Alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Pwani, mfanyabiashara aliyeifuata dhahabu bila kugusa sururu. Alileta jenereta, runinga na mashine mbili, moja kuukuu ya mpira, nyingine mpya ya mpanda farasi anayezunguka nchi nzima akiwasaka waliomuua baba yake.

Wachimbaji hawakumpa raha. Wakipanda kutoka shimoni, vumbi limewajaa mpaka kwenye kope, walijazana kwenye ile kuukuu, ambayo wachezaji wake walikuwa na sura ngumu kama mbao.

"Mura, mwachie mzee farasi wake," walitaniana. "Sisi tunataka gemu yenye firimbi."

Mimi nilikuwa upande wa mzee. Niliwapikia wachimbaji wa duara moja, ndivyo tulivyoita shimo la dhahabu, na msimamizi wake alikuwa mume wa dada yangu, aliyenitoa kwetu Mbalibali. Duara halina mshahara. Unakula, unalala, unasubiri shimo liteme dhahabu, ndipo mnagawana. Ukiondoka kabla, mgao wako umekufa. Nilikuwa nimesonga ugali ule mvua, kiangazi, na mvua tena, na nilitaka kurudi nyumbani. Nilitaka mpaka nikawa naota harufu ya zizi letu.

Mchana, masufuria yakishaoshwa, mzee aliniruhusu kucheza bure kwa kuwa farasi wake hakuwa na wateja. Sikujali wauaji. Kila mtu wa ndani ya gemu aliyetaka kunisimulia mkasa nilimpita. Kwa mbali kulikuwa na vilima vya samawati vinavyofanana na vya kwetu, na siku moja niliamua kuvifikia. Nilivuka mto, nikapita vijiji, moyo unanidunda kama nimetoroka kweli. Nilipokaribia, farasi aliendelea kukimbia, kwato zinalia, vumbi linatimka, lakini hasogei. Nilibonyeza pedi mpaka kidole kikauma.

"Mzee, imeharibika."

"Haijaharibika, mwanangu. Hapo ndipo dunia inapoishia. Wameweka ukuta usioonekana. Vile vilima ni picha tu."

"Sasa wamevichora vya nini?"

"Ili usijione umefungiwa."

Nilimkasirikia kana kwamba ukuta ule aliujenga yeye. Kumbe wale wachimbaji niliowaona washamba walikuwa na akili kutuzidi. Mpira wao ulikuwa mbaya wa sura na hauna stori yoyote, lakini mwisho ulikuwepo, na kila mtu aliuona ukija.

Jioni ile nilimwendea shemeji, nikamuuliza shimo litatema lini.

"Karibu."

"Hiyo karibu naisikia tangu nije. Mimi naondoka."

Aliacha kula. "Huwezi, shemeji. Mpishi akiondoka anaondoka na nyota ya duara. Na ukishavuka kamba ile, huna chako hapa."

Kamba yenyewe ilikuwa ya katani, imezungushwa kwenye eneo letu kuonyesha mpaka. Asubuhi nilifunga nguo zangu kwenye kanga nikaiendea, nikiwa na hofu ya kijinga kwamba miguu itatembea na mwili usisogee. Nyuma yangu walikuwa wanakunywa uji niliowapikia. Kamba ilinifika magotini tu. Niliivuka, na hakuna aliyeniita.

Duara lilitema nikiwa nyumbani. Dada ndiye aliyeleta habari, amevaa kitenge kipya. Sitasema uongo, nililia. Nililia kwa uchungu wa jasho langu, mbele ya mama na mbele ya majirani, bila aibu. Nilipopata pumzi nikamuuliza dada kama shemeji amesema lolote juu yangu.

Dada alitazama chini. "Anasema kumbe mkosi ulikuwa wewe."

Nilifuta uso. Ng'ombe walikuwa wanalia zizini, hakuna aliyekumbuka kuwatoa. Niliwafungulia, tukaelekea vilimani, na tukafika.