Kivinjari cha Mkono wa Kushoto

Mume wangu alipopata kiharusi, nilichoka kiasi kwamba hata watu wakinipa pole niliona uzito wa kuwajibu.

Alikuwa dereva wa watalii. Alikuwa akishusha wageni kreta, lile bonde la wanyama, asubuhi na kuwapandisha jioni, na njiani akiwaonyesha ndege zaidi kuliko simba, jambo ambalo baadhi yao walilinung'unikia. Kiharusi kilimnyima mkono wa kulia, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakawa yanatoka moja moja. Akili ilibaki nzima, na hilo ndilo lililomtesa. Mimi niliamka, nikamwogesha, nikamnywesha uji, nikaenda kufundisha. Niliporudi nilimkuta kwenye kiti kile kile, redio imezimwa, anatazama ukuta.

Simu ilimshinda. Kioo ni kidogo, na kidole chake cha kushoto kiligusa kila kitu isipokuwa alichokitaka. Ndipo nikaitoa kabatini kompyuta ya binti yetu, aliyoiacha alipomaliza chuo na kuhamia Dodoma. Kulikuwa na tovuti moja ambayo mume wangu aliipenda tangu zamani, ya wapenda ndege kutoka kila nchi. Mtu anaandika ameona ndege gani na wapi. Nikawaza kwamba akiwa anaisoma hiyo, siku zitampitia. Simu yake ikawa ya kuipa kompyuta intaneti tu.

Haikuwa hivyo. Kompyuta ilikuwa na memori ndogo ya zamani. Ukifungua intaneti, feni inaunguruma kama mashine ya kusaga, duara linazunguka, kisha kila kitu kinaganda. Siku moja nilirudi nikaikuta imeanguka sakafuni.

"Imeangukaje?" nikamuuliza.

"Nimei... sukuma," akasema, akageuza uso.

Sikuwa na nguvu ya kugombana. Siku ya mnada, watu wengi wakiwa mjini, niliibeba mpaka kwa fundi, dada mmoja mwenye kibanda karibu na soko la Karatu. Aliifungua, akaichungulia, akatikisa kichwa.

"Shikamoo mwalimu, samahani hata sijakusalimia. Hii memori haiongezeki. Imechomelewa humo humo kwenye bodi."

"Marahaba. Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Hapana. Tatizo ni brauza, yaani kivinjari. Hii mnayotumia inameza memori yote kabla hata hamjafungua ukurasa. Tutafute nyepesi. Baba anafanya nini mtandaoni?"

"Anasoma habari za ndege. Na barua pepe, mara chache."

Alinionyesha vivinjari vitatu. Cha kwanza kilifunguka haraka sana, nikafurahi, lakini akanionya kwamba waliokitengeneza wamekiacha miaka mingi. Kusoma unaweza, ila usithubutu kuweka nywila humo. Cha pili kilikuwa chepesi kiasi, kinahudumiwa mpaka leo. Alikizuia kuleta matangazo ya biashara na akakiwekea kanuni ya kutoleta video. "Fungueni ukurasa mmoja tu kwa wakati mmoja," akasema. Cha tatu kilikuwa maandishi matupu. Hakuna picha, hakuna rangi, hata kipanya hukihitaji. Unatembea kwa vitufe vya mishale, kiungo kwa kiungo. Kilifanana na risiti ya dukani.

"Hiki ni cha watu wa kompyuta," akasema fundi. "Nakuachia tu, lakini baba atumie cha pili."

Nami nilikubaliana naye. Mtu aliyeishi kwa kuonyesha wanyama, nimpe ukurasa usio na picha hata moja? Niliona ni kumnyang'anya kilichobaki.

Nyumbani nilimwekea cha pili. Ukurasa ulifunguka, polepole lakini ulifunguka, na kulikuwa na picha ya korongo wenye taji wamesimama kwenye nyasi. Nikasubiri atabasamu. Yeye alikuwa anahangaika na kipanya. Mkono wa kushoto ulikipeleka juu, ukakipeleka pembeni, akabonyeza pasipotakiwa, picha ikafunika ukurasa mzima. Akarudia, na mara ya pili jasho likamtoka.

"Kile... kingine," akasema.

"Kile hakina picha, baba."

"Picha... ninazo."

Nikamfungulia kile cha maandishi. Akaweka kidole cha kushoto juu ya mshale wa chini, akabonyeza, kikashuka mstari. Akabonyeza tena. Hakunitazama. Nilikaa kidogo, kisha nikaenda jikoni kuchambua maharage, nikagundua ninalia bila kuwa na huzuni yoyote mahususi.

Tangu hapo nilikuwa nikirudi shuleni ananipa habari. Fulani ameona tai kule Mang'ola, karibu na mashamba ya vitunguu. Mwingine amepita Nainokanoka kwenye ukungu, hakuona kitu. Mara nyingine nilisikiliza nimefumba macho, viatu bado miguuni.

Jumamosi moja alikuwa amekasirika. Mtu ameandika kwamba bwawa wanakoonekana korongo wenye taji liko kabla ya kufika Nainokanoka.

"Ni... baada," akasema. "Wanaponywesha ng'ombe. Andika."

Kuandika kulihitaji kuingia kwa nywila, na kivinjari chake hakikuweza hayo, kwa hiyo nikafungua kile cha pili. Alitaja neno, nikaandika. Tukafika katikati, kompyuta ikaganda, yote yakapotea. Tukaanza upya. Nilikuwa nimefua tangu asubuhi, mgongo unauma, na yeye akitafuta neno aliweza kukaa kimya muda mrefu. Katika kimya kimoja nikalaza kichwa mezani.

Niliposhtuka alikuwa ameivuta kompyuta upande wake. Alikuwa ameandika mistari kadhaa, herufi baada ya herufi, kwa Kiingereza chake cha wageni, bila herufi kubwa hata moja. Duara lilikuwa linazunguka.

"Umetuma?"

"Nimetuma. Inazunguka."

"Iache izunguke."

Nje mawingu yalikuwa yameshuka kutoka upande wa msitu, na maharage yalikuwa bado yameanikwa uani kwenye turubai. Nikamshika mkono akainuka. Mimi nilizoa kwa ungo, yeye akasimama ameegemea ukuta, akiushika mdomo wa gunia usijifunge. Mvua ilitukuta tukiwa tumebakiza kidogo pembeni mwa turubai, nikayaacha yalowe.

Tulipoingia ndani, ujumbe ulikuwa umekwenda. Alikaa, akafunga kompyuta kwa kiganja, akaniambia nikalale, yeye ataangalia chungu kilichokuwa motoni.