Honi ya Papa Juu ya Tuneli

Tuneli yetu haikuwa kubwa. Ilikuwa njia ya mawe iliyotobolewa chini ya tuta la reli, ili watu wa mutaa wetu waende ziwani bila kukatiza mbele ya treni. Lakini ukiiondoa hiyo, Kalemie ya utoto wangu haipo. Wamama walipita humo na besheni za samaki, mikebuka ya ziwani, wachumba walisimama humo muchana kweupe, na kwa vile ilikuwa nyembamba na ya giza, aliyeingia aliimba ili wa upande wa pili amungoje. Mimi niliimba kwa fujo. Sauti yangu ilikuwa mbaya na wamama walinicheka, lakini walinipisha.

Raha yetu watoto ilikuwa kuegemea ukuta humo ndani. Treni ingali mbali, mawe yanaanza kutetemeka taratibu, tumbo nalo linatetemeka, na usingizi mutamu unakushika umesimama. Halafu inapita juu ya kichwa, na vumbi laini linashuka ndani ya mwanga. Nilidhani mbinguni ndiyo kuko vile.

Papa alikuwa dereva wa treni ya Kongolo. Kila dereva alikuwa na namna yake ya kupiga honi akifika juu ya tuneli. Ya Papa ilikuwa fupi, fupi, halafu moja ndefu ya kuvuta. Mama akiisikia, anabandika maji ya kuoga, anajifunga kitenge kizuri. Miaka ile ya Zaire treni zikaanza kuadimika, leo mafuta hakuna, kesho vipuri hakuna, na Papa akawa anakawia kule. Majirani wakasema ana biro ya pili Kongolo, yaani mwanamuke mwingine. "Midomo ni yao," Mama alisema. Lakini nilimuona akitega sikio hata akisonga bugali. Mimi nilitaka Papa arudi, basi, na kila aliyesema vingine nilimuchukia.

Alasiri moja nilikuwa ndani ya tuneli na mudogo wangu. Mawe yakatetemeka, honi ikalia: fupi, fupi, ndefu. Tulikimbia hadi stesheni kama vichaa. Mama naye akafika, amejipaka mafuta, kitenge kimekaa sawasawa.

Aliyeshuka kwenye mashine alikuwa kijana mumoja aliyefundishwa kazi na Papa. Alituona, akainamisha macho.

"Yeye yuko wapi?" Mama akauliza.

"Amebaki Kongolo, Mama. Amehamia kule kabisa. Alinituma nikifika kwenye tuneli nipige honi namna yake, watoto wafurahi."

Niliwaka. Ningekuwa na jiwe ningemutupia yule kijana, asiye na kosa lolote. Mama hakulia. Alimunyoosha kola ya shati, polepole, kama angefanya kwa mutoto wake mwenyewe.

"Asante, mwanangu," akasema. "Usipige tena vile. Ile ilikuwa honi ya muntu anayerudi kwake."

"Ndiyo, Mama."

Safari iliyofuata ya yule kijana ilitukuta tena tumeegemea ukuta. Treni ilipita juu yetu bila honi, behewa baada ya behewa, mpaka ikaisha.

"Hii ni ya nani?" mudogo wangu akaniuliza.

"Si ya muntu," nikamujibu. "Ni treni tu."