Vitako Sita vya Bunduki

Kuna mzee mmoja wa Nyamityobora, pale Mbarara, anayekusanya vitu vya vita. Yeye mwenyewe hakupigana vita yoyote, alikuwa dereva wa lori la maziwa. Ana kofia za chuma, mikanda, maganda ya risasi, visu vya kufunga mbele ya bunduki, na vitako vya mti ambavyo chuma chake kimeshaondolewa. Bunduki nzima hana, sheria haicheki na mtu. Mimi ni fundi wa mbao wa Nakivale, kambi ya wakimbizi, ndimi ninayemtengenezea makabati ya kioo ya kuwekea hivyo vitu. Kwa miaka mingi tulikwenda pamoja kwenye maonyesho ya silaha, kiwanjani Mbarara, mchana, kila mtu anaruhusiwa.

Mwaka jana akaanza kusema haendi tena. Maonyesho yamekufa, alisema. Zamani unashika, unapima uzito kwa mkono, unamuuliza askari naye anakujibu vizuri. Siku hizi ni kamba, matrekta, hema la kutoa damu, na vijana wanaojipiga picha mbele ya kifaru. Bunduki za zamani, zile watu walizokamatwa nazo ao walizosalimisha mpakani, zinalazwa juu ya meza ndefu na siku ya mwisho zinakatwakatwa. Mkusanyaji anabaki na nini? Nikamwambia mimi nitakwenda, hata peke yangu. Akanicheka, eti fundi hana hata ganda moja la risasi nyumbani kwake, anakwenda kukusanya nini.

Sikuwahi kumwambia. Leo naandika, na aliyekosa nitamsema.

Kwetu ni milimani, Kivu ya kusini. Vijana wa kijiji walifukua bunduki sita. Chuma kilikuwa kizima, mti wote umeliwa na mchwa. Chifu wetu ndiye aliyewatuma kwangu, na namtaja yeye wa kwanza kwa sababu alijua zile bunduki zinakwenda fasi gani. Alikuja akakaa kwenye kiti changu, akanitazama nikipiga randa, akasifu kazi. Leo ni mkubwa kule, anakula vizuri. Alisema bunduki ni za kulinda ng'ombe. Niliamini, ao nilitaka kuamini. Vitako vitano nilivitengeneza kwa mti mgumu wa msituni, uliokaa juu ya moshi wa jiko mwaka mzima. Cha sita mti uliniishia, nikakata kalitusi mbichi nyuma ya nyumba. Nilijua kitapasuka siku moja, nikanyamaza. Kwenye kila kimoja, upande wa chini, nikachonga kwa patasi alama yangu, mguu wa kuku, ile ile niliyokuwa naweka kwenye vitanda na milango. Nilikuwa na majivuno.

Kile cha kalitusi alikichukua kijana mmoja. Majina nimekatazwa kuandika, lakini watu wa kwetu watamjua: ni mtoto wa aliyekuwa anasimamia soko, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hana, na leo anauza mawese Nakivale karibu na bomba la maji, Jumapili anaongoza sala. Ndiye huyo. Jina lake la vita aliliandika mwenyewe ubavuni mwa kitako kwa msumari wa moto.

Hawakulinda ng'ombe. Walianza kuchukua mbuzi za watu, kisha unga, kisha wasichana. Asubuhi moja mke wangu alikuwa anatoa mihogo majini, wakafika watatu, huyo mbele. Wakasema wanataka binti yetu awabebee mizigo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mama yake alishamfunika ndani ya maranda, kwenye banda langu la kazi. Mke wangu akajibu mtoto amekwenda kwa mjomba. Huyo hakuuliza mara ya pili, alimpiga risasi mbili za tumbo. Mke wangu akaanguka juu ya kikapu cha mihogo, mikono bado inashika ukingo, kama mtu anayetaka kuinuka.

Nilimrukia na nyundo. Akageuza bunduki akanipiga kitako cha taya. Niliona mguu wangu wa kuku unakuja usoni. Meno yakatoka. Akanipiga tena, na safari hii mti ukalia, ukapasuka kwa urefu. Akautazama, kisha akanitazama mimi pale chini, damu imenijaa mdomo.

"Fundi mwizi," akasema. "Ulinipa muti mubichi."

Wenzake wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Walimvuta mwenzao wakaenda naye, na mimi niliishi kwa sababu hiyo, mti mbaya na kicheko cha wauaji. Mke wangu alikata roho kabla sijafika alipolala.

Mimi na binti yangu tulikimbilia Uganda, na Nakivale nilimwona huyo muuaji kwenye mstari wa mgao wa maharage, amenenepa. Nilikwenda biro, ofisi ya wakimbizi, siku ile ile. Yeye akaapa kwamba hajashika bunduki tangu azaliwe, na wakaniuliza ushahidi uko wapi. Dosye yake, faili la kwenda kuishi ng'ambo, ikaendelea mbele. Yangu pia ilikuwa inaendelea, mimi na binti yangu karatasi moja. Nikawaza, huyu atapanda ndege mbele yangu, na huko atazaa watoto wasiojua kitu. Halafu mwenzake wa zamani, akiwa amelewa, akanieleza kwamba walipovuka mpaka jamaa alisalimisha bunduki yake kwa askari, na kitako kilikuwa kimefungwa waya wa shaba.

Ndiyo sababu ya safari zangu za maonyesho. Kila mwaka nilipita mbele ya ile meza ndefu nikitazama mti, chuma sikukiona hata.

Mwaka jana mzee alisema haendi, na siku ya mwisho nikamkuta amefika kabla yangu. Walikuwa wanakata. Mashine inalia, cheche zinaruka, chuma kinatupwa upande huu, mti upande ule, kuni za wapishi. Mlinzi mmoja akatupa kitako chenye waya wa shaba. Nikaruka kamba.

Sikumbuki vizuri nilivyofika pale. Nakumbuka nimekikumbatia, na buti linaingia mbavuni, na fimbo mgongoni, moja, mbili, na taya lile lililopigwa zamani linagonga udongo.

"Wewe mzee, unatafuta kufa? Toa mukono kwa hiyo kitu."

Sikutoa. Askari akaongeza fimbo. Mzee wangu alisimama nyuma ya kamba, kofia mkononi, sauti imepanda kama ya mwanamke.

"Afande, samehe yeye. Ni fundi yangu. Kichwa yake iliharibika zamani."

Askari akakitazama kile nilichokumbatia. Akasema ni kuni tu, na mimi niondolewe pale haraka. Njiani mzee akakigeuza, akaona jina, akaona alama, akasema kabatini kwake kitako kama hicho hakipo, nimpe. Nilimkatalia. Akanuna mpaka tukaachana.

Ningekwenda biro moja kwa moja. Kosa langu ni hilo: nilitaka muuza mawese akione kwanza. Nilitaka nione uso wake.

Asubuhi nikamkuta anapima mawese kwenye chupa, sufuria nyingine inachemka kwenye makaa. Nikakiweka mbele yake. Alipangusa mikono kwanza. Akapitisha kidole gumba juu ya jina lake, akapindua kitako, akapitisha kidole juu ya mguu wa kuku. Uso haukubadilika.

"Papa fundi," akasema polepole, "hapa tuko babili. Mimi na weye. Peleka basi. Watauliza nani alitengeneza bunduki, na dosye yako itakufa pamoja na yangu. Na ya binti yako."

Na palepale akakisukuma ndani ya makaa.

Nilikitoa kwa mkono mtupu, ngozi ya kiganja ikabaki juu ya moto. Nikampiga nacho kwenye taya. Akaanguka juu ya sufuria ya mawese, akapiga kelele kama mbuzi. Nikampiga tena, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo tangu siku ile ya mihogo, na mti ukapasuka kabisa, nusu kwa nusu. Alikuwa anatema meno na mafuta. Watu wakanishika mikono. Kama wasingenishika ningemaliza, na sitasema najuta.

Nilifika nyumbani na vipande viwili. Kimoja kina jina lake. Kingine kina mguu wa kuku. Hakuna aliyepanga hivyo, lakini nilielewa mara moja: nikipeleka kile chenye jina tu, mimi simo. Binti yangu alikuwa ananifunga kiganja kitambaa. Nikamwambia kile chenye alama akitie motoni.

Hakukigusa. Akasema, "Mimi nilikuwa mu maranda, papa. Nilisikia vile alikutukana."

Miaka yote hiyo alijua. Akamaliza kufunga kitambaa, akauliza nilitengeneza ngapi. Nikasema sita.

"Hii moja ilipasuka, njo maana uko muzima. Zile tano ulifanya na muti muzuri, zenyewe zilimaliza banani?"

Sijui. Sijui ni mama za nani. Mzee anaweza kusema maonyesho hayana faida tena, kwake ni kweli, kabati halijai. Mimi nitakwenda mpaka nione zote tano zimekatwa.

Kesho yake tulikwenda biro pamoja, mimi na binti yangu. Nilitoa vipande vyote viwili. Nikamtaja chifu, nikamtaja muuza mawese, na mama wa biro alipoweka kidole juu ya mguu wa kuku akauliza huyu ni nani, nikajitaja. Aliandika muda mrefu. Akasema dosye mbili zinasimama, ya yule na ya kwangu, na polisi watataka kunisikiliza, pia kwa yale meno niliyomtoa.

Kisha akamgeukia binti yangu. Akamweleza kwamba yeye ni mtu mzima sasa. Anaweza kubaki kwenye karatasi ya baba yake, asubiri nayo, hata kama haitafunguliwa tena. Ao afunguliwe yake, bila mimi.

Binti yangu aliuliza kama anaweza kufikiri. Mama wa biro akasema ndiyo, achukue karatasi nyumbani. Lakini binti yangu hakuinuka. Aliangalia kitambaa cha mkono wangu, damu ilikuwa imeshapenya.

"Hapana, tuandike sasa," akasema. "Fungua yangu."

Akaniomba nisogee kidogo kwenye meza, apate fasi ya kuandika.