Damu ya Mkwe Yamrudisha Skolastika Kwenye Mihogo

Umande haujakauka kijijini Buswahili, na Skolastika Matiko yuko kwenye kigoda chake, anamenya mihogo. Kisu kinakimbia, maganda yanaanguka miguuni, na ulimi nao haupumziki.

“Zamani nilikuwaga napeleka magunia matatu sokoni kwa wiki,” anasema mjane huyu. “Sasa hivi debe mbili. Lakini namenya, mwanangu. Namenya!”

Ana haki ya kujivuna. Mwaka jana vidonda vya tumbo vilimtoboa, akapasuliwa, akarudi nyumbani akiendelea vizuri. Wiki chache baadaye, akiwa ameketi uani, akaanza kutapika damu. Beseni likajaa.

Binti yake, Adventina, alikuwa amekwenda Bunda. Aliyekuwa karibu ni mume wa Adventina, Mniko, aliyeleta kuni na kuziacha nje ya ua kama ilivyo ada. Kwa mila za kwao, mkwe hamgusi mama mkwe. Hata njiani hupishana kwa mbali.

“Alipoingia tu nikamwambia, usinishike, mkwe! Niache nife na heshima yangu.”

Mniko, mfyatua matofali asiye na maneno mengi, anainamisha kichwa akikumbuka. “Nikasema, ‘Mama, nisamehe.’ Nikambeba mgongoni.”

Wakapanda bodaboda mshikaki, dereva mbele, mama katikati, Mniko nyuma akimkumbatia asianguke, hadi Butiama. Kutoka hapo gari la wagonjwa likawakimbiza Musoma.

Daktari akaeleza kwamba mshipa wa damu karibu na mshono ulikuwa umevimba kama tyubu ya baiskeli iliyochoka, kisha ukapasuka. Ni nadra sana baada ya upasuaji huo, na wengi hawafiki hospitali wakiwa hai. Skolastika akapasuliwa tena, mshipa ukafungwa. Damu ikahitajika haraka, na iliyolingana na yake ilikuwa ya Mniko.

“Nilipoambiwa ni ya nani, jamani! Nilijifunika shuka gubigubi,” anasema, akicheka huku ameshika tumbo. Kisha machozi yanamtoka, wala hayafichi.

Mniko bado anaacha kuni nje ya ua. Jambo hilo linamuuma Skolastika kuliko mshono. Mihogo hii ikiuzika, anataka kununua jogoo, ampikie mwenyewe.

“Kunibeba amenibeba, damu yake ninayo. Sasa aibu gani imebaki? Aje ale humu ndani, mbele yangu, nimwone mwanangu anavyotafuna.”