Shimo la Namna Gani

Gereji ya baba yake Marhun, pale Ibra, ilikuwa na picha moja tu ukutani: dereva wa mashindano, Mjerumani wa miaka ya hamsini, miwani ya vumbi shingoni, uso umejaa masizi. Baba aliikata gazetini Unguja akaja nayo Oman. Jina la yule mtu baba hakuweza kulitamka mpaka anakufa.

"Huyu kaanza na gari bovu kuliko hili letu," alikuwa akimwambia mwanawe.

Marhun akaitwa Mjerumani. Kwanza kwa kejeli, kisha, alipoanza kushinda mbio za magari za mawadini, yale mabonde makavu ya mito, kwa heshima. Mwishowe kampuni moja ikamwahidi: ukishinda mara hii, tunakupeleka Ujerumani, ukaendeshe huko.

Katika mbio hizo kila dereva huweka mtu wake juu ya jabali, amwelekeze kwa redio. Redio zote husikilizana, na wenziwe wote walisema Kiarabu. Marhun akamweka Hisham, mtoto wa dada yake Shukriya, wasemezane Kiswahili.

"Leo utanijua mimi Mswahili, ami!" alijigamba Hisham.

"Ami ndugu wa babako. Mimi mjomba. Kiswahili chako cha kuombea mkate wa ufuta tu wewe."

Hisham alikiokota Kiswahili jikoni kwa bibi yake, na kila kilichobonyea alikiita shimo. Mvua ya wiki ile ilikuwa imechimba korongo kukata njia. Aliliona vizuri. Neno lake hakuwa nalo.

"Shimo mbele, mjomba! Shimo!"

Shimo huvukwa kwa kasi. Marhun akakanyaga mafuta.

Mguu wake wa kushoto haukurudi ulivyokuwa. Kampuni ilileta maua hospitali. Msimu wa pili Hisham aliendesha yeye, akashinda, ikampeleka yeye Ujerumani. Yuko huko hata leo, picha zake zimejaa simuni, na Kijerumani anakisema. Korongo kwa Kijerumani, bila shaka, analijua.

Marhun sasa ana gari la gia za kujiendea. Juzi alikuwa akimpeleka Shukriya Nizwa kwa daktari wa macho.

"Angalia, ndugu yangu, kuna shimo," Shukriya akasema.

Marhun akasimamisha gari katikati ya barabara. Nyuma yao honi zikalia.

"Shimo la namna gani?"

"Shimo tu, Marhun. Twende, watu wanatutukana!"

"Shimo tu," akasema. "Na mwanao alinambia hivyo hivyo."

Akafungua mlango, akashuka na mguu wake mbovu, akaenda kulitazama.